Sista Kiti, Muuguzi wa Wodi ya Saratani (1968–2023)

Marehemu dada yetu, ambaye wagonjwa walimwita Sista Kiti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi saa na mpishi wa shule. Mdogo wake ndiye anayesoma wasifu huu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1981 na sekondari mwaka 1985, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi, alikohitimu Novemba 1989. Alianzia wodi ya upasuaji. Mwaka 1998 alipelekwa wodi ya saratani, ambako wenzake wengi walikuwa wakiomba kuhamishwa. Yeye hakuomba. Jina lake alilipata huko, kwa kuwa hakuwahi kumuuliza mgonjwa jambo akiwa amesimama. Alivuta kiti kwanza.

Tarehe 8 Juni 1996 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa utani mwingi. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 2004 mume wake alifariki ghafla, na tangu hapo marehemu aliishi peke yake katika nyumba ya watumishi wa hospitali, redio ikiwa imewashwa tangu aingiapo.

Aliomba ufadhili wa kusomea uuguzi wa saratani mara mbili, akakataliwa. Mara ya tatu, mwaka 2009, alikubaliwa, akaenda kusoma mbali kwa miaka miwili. Kila Jumapili mchana alimpigia simu mdogo wake. "Weka simu mezani," alisema. "Msinisemeshe. Ongeeni kama kawaida, nisikie nyumba yenye watu." Basi familia ikala na kubishana, naye akala kimya chumbani kwake. Siku moja wifi yake alisahau kabisa kwamba yuko, akaanza kumsengenya. Sauti ikatoka mezani: "Endelea tu, wifi. Mimi bado sijashiba."

Aliporudi, alikuwa muuguzi pekee wa wodi ile mwenye mafunzo hayo, kwa miaka kumi na mmoja. Kuna dawa za saratani ambazo zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, hivyo kila dripu ngumu aliitiwa yeye, hata siku za mapumziko. Kila mwaka aliandika barua kumwombea mwenzake mmoja ufadhili. Kila mwaka jibu lilikuwa hapana.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliijua vizuri kuliko aliyemweleza. Alikaa nayo wiki tatu bila kumwambia mtu. Agosti, akiwa tayari amelazwa katika wodi yake mwenyewe, barua ya ufadhili ilikuja hatimaye, kwa muuguzi kijana ambaye marehemu alimfundisha kwa mikono yake, na ambaye sasa ndiye aliyekuwa akimhudumia.

"Sista, naomba niahirishe mwaka mmoja tu," yule binti alimwambia. "Nikiondoka, wewe utabaki na nani?"

"Ukiahirisha, nafasi anapewa wa hospitali nyingine. Nenda."

"Na wewe?"

"Mimi ni mgonjwa mmoja."

Binti aliaga akilia. Mlango ulipofungwa, marehemu aligeukia ukutani. Mdogo wake alikuwa pale, akamsifu kwa moyo wake mkubwa. Alijibu bila kugeuka: "Usinisifu. Nilitaka akatae. Nilitaka anikatalie kabisa, abaki." Mdogo wake alivuta kiti, akakaa.

Wauguzi waliobaki walimhudumia kwa upendo wote, ingawa kwa woga, maana walikuwa wakimtibu mwalimu wao. Naye aliwaelekeza akiwa kitandani, taratibu, mpaka sauti ilipokwisha. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Septemba 2023, saa kumi jioni.

Ameacha mdogo wake, wifi yake, watoto watatu waliomwita shangazi, na wauguzi wa wodi ya saratani. Ameacha pia yule binti, ambaye alipiga simu juzi akitaka kurudi kumzika. Familia ilimwambia abaki. Saa hii tunayosimama hapa, yuko darasani.

Dada, kazi umeifanya. Mungu akupumzishe kwa amani.