Mama Nyata na Mlango wa Maabara

Marehemu dada yetu, tuliyemzoea kwa jina la Mama Nyata, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mama mfuma sweta na baba karani wa posta. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, maana hakuna aliyepita karibu na meza yake ya kazi asiambiwe anyate.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, na mwaka 1987 akapata shahada ya uzamivu ya kemia. Kwa miaka thelathini na minne kazi yake ilikuwa kutandaza molekuli juu ya kipande safi cha dhahabu, ndani ya chombo kisicho na hewa, kuzipasha joto, kisha kuziacha zishikane zenyewe ziwe wavu. Wavu huo hauonekani kwa macho. Aliupiga picha kwa sindano iliyopita juu yake bila kuugusa, mstari baada ya mstari, na kishindo kidogo tu kiliharibu kazi ya siku nzima. Nyumbani nako, kusiko na sindano yoyote, tulikoma. Hata kabati la vyombo tulilifunga kwa adabu.

Tarehe 14 Agosti 1990 fundi seremala aliitwa kurekebisha mlango wa maabara, na hakuna aliyemwonya. Alipopiga nyundo ya kwanza, dada alitoka amefura: picha aliyoihangaikia miezi tisa imeharibika. Fundi aliomba radhi. Kesho yake akarudi na mpira wa kubandika kwenye fremu, wiki iliyofuata na bawaba mpya. Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1992. Tangu hapo, kila picha ya dada iliposifiwa, shemeji yetu aliinamisha kichwa kwa kuikumbuka ile moja.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Siku nne kabla ya kufariki alimwita mumewe karibu, mdogo wake anayesoma wasifu huu akiwapo.

"Ile picha hukuiharibu wewe," alisema. "Asubuhi ile nilizidisha moto. Wavu ulikuwa umeshakatika kabla hujafika."

"Miaka yote hii, mke wangu? Mbona hukusema?"

"Ungemaliza mlango ukaenda zako."

Shemeji alicheka mpaka akalia.

Dada alituacha tarehe 21 Mei 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu. Jeneza hili amelitengeneza shemeji mwenyewe, na ukingoni amebandika mpira ili kifuniko kisigonge.

Apumzike kwa amani Mama Nyata. Tukiondoka hapa, tunyate.