Bunduki ya Kaspar

Ndani ya basi la kwenda Langnau, Ursina alijifanya anasoma gazeti, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele yake. Bibi mmoja alikuwa amepakata bunduki kuukuu ya jeshi la Uswisi, na mwanamume aliyeketi naye, mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, alikuwa akiitazama kwa macho ya mposaji.

“Unaipeleka polisi wakaiyeyushe? Mama, hiyo dhambi! Niuzie mimi. Ninazo nyingi nyumbani, nazitunza kuliko mke wangu.”

“Mkeo namwonea huruma,” bibi alisema. “Hii ilikuwa ya mume wangu, Kaspar. Jeshi lilimwachia alipomaliza utumishi. Wewe utaifanyia nini?”

“Nitapiga karatasi za shabaha tu, Jumapili.”

“Hata Kaspar alipiga karatasi tu, miaka yote. Mpaka asubuhi ile, mimi nikiwa bustanini, alipojipiga mwenyewe.”

“Pole, mama. Lakini bunduki haina kosa.”

“Basi nimlaumu nani? Yeye?”

Basi lilisimama karibu na kituo cha polisi, wakashuka pamoja. Ursina aliwaona dirishani wamesimama kando ya barabara, kila mmoja ameshika mkanda wa bunduki, hakuna anayeachia.