Barua ya Gari Yenye Neno Lililokatwa

Wazee wa kanisa, akina mama, na vijana wenzangu mnaopenda kukaa karibu na mlango, hamjambo. Maneno haya nimeyaandika mara saba na bado hayajaniridhisha, kwa hiyo nitasoma ya leo asubuhi hivyo hivyo. Nimechoka. Mkiniona nimeshika meza, mnivumilie.

Wengi mnanijua kwa kukagua vitu. Nikifunga mlango narudi kuujaribu mara tatu. Udereva nilijifundisha mwenyewe, kwa simu na kwenye shamba la mjomba, kabla ya kwenda kufanya mtihani. Kwa kuwa hakuna aliyenikalisha akanifundisha, kila siku naogopa kwamba kuna jambo watu wote wanalijua isipokuwa mimi.

Mwaka jana dada yake mama alifariki ng'ambo ya mpaka, Rorya, Tanzania, alikoolewa. Kati ya watoto wa nyumba waliyozaliwa walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mama. Mazishi yalipangwa Jumamosi saa saba mchana. Mama aliniomba kitu kimoja: "Wuoda, mwanangu, nifikishe nione uso wake kabla hawajafunika."

Sisi huku tunaona kuvuka mpaka pale Isebania ni kama kwenda kwa jirani. Unavuka kwa miguu, unasalimia watu wako, unarudi. Lakini gari likivuka, linakuwa mgeni kuliko wewe mwenyewe. Nilisoma wiki nzima. Kadi ya njano ya bima, kibali cha muda cha kuingiza gari, leseni, pembetatu mbili za tahadhari, kizima moto, mwendo wa hamsini penye makazi. Na kama gari si lako, barua ya mwenye gari.

Gari lilikuwa la jirani yetu, mwalimu mstaafu. Aliniandikia barua kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Katika namba ya gari alikosea herufi, akaikata, akaandika nyingine juu yake, akaweka sahihi. Ndugu zangu, nawaambia, pale palipokatwa paliniondolea raha. Tulipofika Migori asubuhi ile nilimwambia mama anisubiri kidogo. Nikaingia saiba, duka la kompyuta, nikachapisha barua upya, safi kabisa, nikaiga sahihi ya mwalimu. Ile ya mkono nikaichana. Sikuona kwamba ni uongo. Niliona ni usafi.

Mpakani, afisa wa upande wa Tanzania alikuwa mpole. Alimwamkia mama "shikamoo", na mama, ambaye hajazoea salamu hiyo, akamjibu "ber", yaani nzuri. Afisa akapitia faili langu karatasi kwa karatasi. "Kijana, umejipanga," akasema. Nilifurahi, sitawaficha. Kisha akapiga namba ya mwalimu iliyokuwa kwenye barua, kuhakikisha tu, akaweka simu kwenye spika.

"Mwalimu, barua yako uliyochapa tumeiona."

"Niliyochapa? Mimi nimeandika na kalamu."

Afisa akaniangalia. "Ya kalamu iko wapi?"

"Nimeichana."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa na kosa."

Hakucheka. Alisema angeweza kunipeleka polisi, na kwamba gari halitavuka mpaka mwenyewe aje. Mwenyewe yuko nyumbani, Homa Bay. Ilikuwa saa nne.

Nilimsihi mama apande gari lingine aende. "Nikuache hapa na hawa watu? Dada yangu ataniuliza mtoto yuko wapi." Akakaa kwenye benchi, akavua viatu, akaviweka sawasawa chini yake. Saa saba ikapita tukiwa hapo. Mama hakuuliza saa. Aliona jua.

Mwalimu alifika saa nane kasoro na fimbo yake, maana mguu wake mmoja ni mbovu. Alikuwa na barua mpya ya mkono, na kwenye mstari wa pili alikuwa amekata neno tena. Afisa aliisoma, akagonga muhuri. Lile kosa hakulitazama hata mara moja. Hapo ndipo nilipokaa chini, kwenye saruji, mbele ya watu.

Tulivuka na mwalimu, tukafika kaburini udongo ukiwa umeshapandishwa. Walikuwa wamemngoja mama saa nzima, kisha mawingu yakawakimbiza. Mama alisimama kando ya kaburi akamwita dada yake kwa jina lao la utotoni, mara mbili. Hakunilaumu. Mpaka leo hajanilaumu, na hilo ndilo linalonichosha kuliko yote.

Wakati wa kurudi, mwalimu aliniuliza garini, "Kwa hiyo ulinisahihisha?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Maisha yangu yote nimesahihisha daftari za watoto. Sasa wewe umenipa sifuri."

Mama akacheka. Mimi sikuweza.

Baada ya hapo niliacha kuendesha. Lakini kila Jumatano mwalimu alikuja na ufunguo, akauweka mezani, akasema, "Nipeleke hospitali, mguu." Nilikataa mara tatu. Mara ya nne mama alisema tu, "Mpeleke." Nikampeleka, polepole sana, pikipiki zikitupita. Jumatano iliyofuata nikampeleka tena.

Namshukuru mzee huyo, ambaye hataki nimtaje. Namshukuru yule afisa ambaye hakunifungia. Na mama yangu, sijui nimshukuru vipi. Mkivuka mpaka na gari la mtu, ulizeni kila kitu, bebeni kila kitu, na karatasi mliyopewa ibebeni kama mlivyopewa. Afisa hakutaka barua ya kupendeza. Alitaka kujua kama mwalimu ameniamini na gari lake. Jibu nilikuwa nalo mkononi, nikalichana.

Jumamosi ijayo mama anataka kwenda kuliona kaburi. Mwalimu ameshaniandikia barua, ninayo hapa mfukoni. Amekosea herufi tena, na sasa nadhani anafanya makusudi. Nimeisoma mara nne. Sijagusa herufi hata moja.