Inchi Moja na Robo

Wasikilizaji wapendwa, katika bonde hili lote kuna watu wawili tu ambao hawajawahi kudanganya habari ya mvua. Mmoja amefariki. Wa pili mnamsikia sasa hivi. Watu wa kule kijijini Bahati mnaweza kucheka, chekeni tu.

Aliyefariki ni Kiprugut arap Maiyo, mpima mvua wa Subukia. Ametutoka wiki mbili zilizopita. Mjane wake, Mama Chepchirchir, ameketi hapa kando yangu, ameweka mapajani chupa ya mvua ya mumewe.

Kiprugut alipima mvua. Kila asubuhi, saa tatu kamili, alifungua chombo cha shaba nyuma ya zizi, akatoa chupa, akamimina maji kwenye glasi yenye mistari, akaandika kitabuni. Hata Krismasi. Hata siku aliyooa, bibi harusi akangoja. Sheria yake ilikuwa moja: andika ulichokuta. Si unachotaka. Ulichokuta.

Mwaka wa hamsini na moja aliandika inchi arobaini. Hamsini na mbili, thelathini na sita. Hamsini na tatu, thelathini na mbili. Miaka hiyo hiyo miti ilikuwa ikianguka mlimani, mkaa ukishuka kwa magunia. Ziwa Nakuru nalo likakauka. Upepo ukivuma, mji mzima ulipakwa unga mweupe wa magadi kama mpishi wa mikate. Kiprugut akaanza kukosa usingizi. Akamwendea mwenye shamba, mzungu tuliyemwita Bwana Kofia.

"Bwana, tuuache ule msitu wa juu ya chemchemi."

"Arap Maiyo, ziwa lilikauka hata kabla hujazaliwa. Jua lina zamu zake. Mlima Menengai ulitapika moto bila kumwuliza mtu."

"Ni kweli, Bwana. Jua lina yake, mlima una yake. Lakini hili shoka si la jua."

Bwana Kofia akacheka, akatoa ahadi mbele ya watu: mwaka wa hamsini na nne ukiisha chini ya inchi thelathini, msitu ule hautaguswa. Chini ya thelathini.

Mwisho wa Desemba, kitabu kilisimama kwenye ishirini na tisa. Ng'ombe walilamba vumbi. Siku ya mwisho ya mwaka, Kiprugut akafungua chombo. Mle chupani mlikuwa na inchi moja na robo.

Akainua macho. Hakuna wingu. Akanusa. Maji yalinuka moshi.

"Yamwage," mkewe akamsihi. "Hiyo si mvua. Nani atakuona?"

"Si nitajiona mimi?"

Akaandika: inchi moja na robo, maji yananuka moshi. Bwana Kofia akajumlisha. Thelathini na robo! Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Januari, mashoka yakarudi.

Miaka miwili baadaye chemchemi ikakauka. Chepchirchir akawa anafuata maji mwendo wa saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Kiprugut akaendelea kuandika. Kisha, Aprili ya mwaka huu wa hamsini na nane, mvua iliyokuwa ikikataa kuja ikaja yote kwa mara moja. Mlima ulikuwa na upara. Saa tatu kasorobo Kiprugut alitoka, kitabu chini ya koti. Tope lilimkuta hatua kumi tu kutoka kwenye chombo. Walimfukua kwa majembe. Chombo hakikuguswa. Chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni, na hapakuwa na wa kuiandika.

Mama Chepchirchir na watoto, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, msimu ukienda kombo, tazameni juu, halafu mtazame na mikono yenu. Ni nani alitia maji mle chupani? Mimi wakati ule nilikuwa karani wa stoo pale pale kwa Bwana Kofia, ndiyo kwanza nimetoka sekondari, mdomo mrefu, na nawahakikishia: mpaka leo hajulikani.

"Anajulikana."

Mama, tuko hewani.

"Najua. Asubuhi ile ulikuja jikoni kwangu ukaazima birika la maji lililokuwa motoni. Ukasema unataka kunawa. Nikakuona nyuma ya zizi unacheka peke yako. Nilimwambia mzee. Akasema nikikutaja utachapwa viboko na kufukuzwa. Tungoje, kijana atakuja kusema mwenyewe. Miaka mitatu alingoja."

Ameisimamisha ile chupa mbele ya kipaza sauti.

"Haya, wewe usiyedanganya. Andika ulichokuta."