Marehemu Rashwan Jadalkarim, Mtu wa Ndoo Yake

Ndugu zetu mliotoka pande zote mbili za mfereji, mtuwie radhi sauti ikikatika, kwani mimi Hilali, mtoto wa dada yake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake, na mpaka sasa siamini kwamba ni yeye tuliyemzika mchana huu, mtu ambaye mwezi wa Januari alikuwa akichezesha farasi kwa zumari mbele ya macho yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Septemba 1889 hapa Naj-Salima, karibu na Qus, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Jadalkarim na Bibi Hamida, akasoma chuoni kwa Sheikh Bakhit na kuishia juzuu ya kumi, kwa sababu, kama alivyopenda kusema mwenyewe, "Sheikh alikuwa na fimbo, baba alikuwa na farasi." Mwaka 1908 alikwenda Kairo, akawa saisi, yaani mtunza farasi, katika mazizi ya farasi wa serikali, na huko aliona farasi mmoja mwenye kamasi upande mmoja wa pua akinyweshwa hodhi moja na wenzake, na msimu ule ule safu nzima ikapigwa risasi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwatoa mmoja mmoja kwa kamba. Aliporudi nyumbani mwaka 1914 hakuleta mali, alileta ndoo ya turubai iliyokunjwa nyuma ya tandiko, na tangu hapo hakuna farasi wake aliyekunywa chombo cha mtu mwingine.

Tarehe 8 Machi 1917 alimwoa Bibi Nafisa, wakajaliwa Sakina mwaka 1919 na Wasfiya mwaka 1921, na mtoto wa kiume ambaye Mungu alimchukua akiwa mchanga. Nyote mnajua jinsi alivyotaniwa, maana kwetu heshima ya mgeni ni farasi wake kunywa hodhi moja na farasi wa mwenyeji, na yeye kila sherehe anakunjua turubai lake mbele za watu. "Rashwan, na mkeo naye ana ndoo yake?" mlimwuliza, naye akawajibu, "Mke wangu hana kamasi, wewe je?" Mkacheka, lakini mwaka 1933 hakuna aliyecheka, wakwe wa Sakina walipoirudisha posa wakisema nyumba inayokataa maji yao haiwezi kuwapa mke, na Sakina yuko nasi hapa hadi leo, hajaolewa.

Ndipo tukafika Alhamisi ya tarehe 13 Januari mwaka huu, tulipompeleka Wasfiya kwa Haji Humam, baba wa bwana harusi, ng'ambo ya mfereji, bibi harusi akiwa juu ya ngamia, zumari zikilia, na marehemu akiwa juu ya farasi wake jike, Nawara. Uani palikuwa na farasi wa mgeni wa mbali anayetokwa kamasi upande mmoja wa pua, wengi tulimwona, lakini nani angemwambia mgeni wa watu kwamba farasi wake ni mgonjwa? Marehemu alikunjua ndoo. Haji Humam akasema, kwa upole kabisa, "Mkwe wangu, binti yako umetupatia, maji yetu tu ndiyo yamekushinda?" Zumari zikanyamaza, na mjomba wangu akainua macho kwenye pazia lililomficha Wasfiya juu ya ngamia, kisha akaikunja ndoo na kumwachia Nawara hatamu, naye akanywa hodhini, na watu wakapiga vigelegele. Mimi pia nilishangilia, tulidhani hatimaye amekuwa mtu kama watu.

Februari Nawara alianza kukohoa, tezi za chini ya taya zikawa ngumu kama jiwe, na marehemu akahamia zizini, akimfuta pua kwa kilemba chake, mikono ikiwa imepasuka kwa kamba. Daktari wa mifugo alimtia Nawara dawa ya kupima jichoni, asubuhi jicho likaamka limevimba na usaha, ndiyo alama ya ugonjwa wenyewe, na tarehe 22 Februari alipigwa risasi na kuzikwa kwa chokaa, marehemu mwenyewe akishika kamba na kumwambia askari, "Ngoja kwanza, anaogopa wageni." Sisi tulidhani msiba umeishia hapo. Machi ikamjia homa, kikohozi, majipu mwilini, na madaktari wa Qena walipotuambia kwamba ugonjwa wa farasi umeingia kwenye mapafu ya mtu, hakuna aliyewahi kusikia jambo hilo, na nadhani hata yeye aliwaogopea farasi tu. Alifariki alfajiri ya leo, Jumamosi, tarehe 19 Machi 1938.

Tunawashukuru madaktari waliomhudumia bila kumkimbia, daktari wa mifugo, majirani waliochimba kaburi, na wapanda farasi wenzake wa mkoa mzima. Tunamshukuru Haji Humam, ambaye amekuja kwa miguu kwa sababu mazizi yake ni matupu, na ambaye jana alilivunja kwa nyundo hodhi la babu yake. Hatumlaumu. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na safari hii hakupona mgeni wala mwenyeji.

Mtakapotoka, msiwapeleke farasi kwenye hodhi letu, tumelifukia. Sakina na Wasfiya wamelichana turubai la hema la harusi wakashona ndoo, na kila farasi aliyefungwa nje amewekewa yake, mwende nayo nyumbani, na mkifika kwa watu mwikunjue mbele ya mwenye nyumba bila kuona haya. Anayeona ametukanwa ajue kwamba katika nyumba hii hatuna heshima nyingine kubwa kuliko hiyo ya kumpa.

Pumzika kwa amani, mjomba, hakuna tena atakayekutania.