Msumari wa Herakaji

Sogeeni, wanangu watatu, Tirtha, Punya na wewe Maiya, mnisikilize vizuri, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Asubuhi nilikuwa nimefumba macho tu, sikufa. Nimemsikia kaka yangu Herakaji, mkuu wa guthi, hicho chama chetu cha mazishi, akiwaambia hapo mlangoni: "Tundikeni picha ya mfalme juu ya kitanda chake, guthi itambeba mpaka mtoni akachomwe, picha hiyo ikitangulia. Hamtaki? Basi wambebe wanasiasa wenzake, si chama chao chote kinaenea kwenye teksi moja!" Wawili wenu mkacheka! Kisha nikasikia nyundo, msumari wa picha ukiingia ukutani hapa juu yangu.

Kweli tulienea kwenye teksi. Lakini vyama vikubwa vilipotaka kumbakiza mfalme awe pambo la ikulu, ni sisi wadogo tuliosema, mkimbakiza tunatoka, na muungano wenu uvunjike. Wakatutukana, wakakubali, mfalme akaondoka. Herakaji akanifukuza kwenye guthi, na tangu siku hiyo ndugu yangu wa tumbo moja hajanywa hata maji nyumbani kwangu.

Leo ghafla ananionea huruma? Thubutu! Anataka maiti yangu ipite sokoni nyuma ya picha ile, watu waseme hata Astaman alitubu. Dalili ya mvua ni mawingu, wanangu: barabarani wameshaanza kuimba mfalme arudi, na juzi wameichoma nyumba ya Kedarman, mwenzangu wa chama. Kufa sikuogopi. Nawaogopea ninyi mtakaobaki.

Shamba la mpunga mgawane, Tirtha na Punya, bila kupelekana mahakamani. Nyumba nampa Maiya, kwa kuwa yeye peke yake hakucheka. Jeneza linataka mabega manne: ninyi watatu, na la nne ni la Kedarman. Najua, kwetu binti habebi maiti. Maiya atabeba, tena mbele, na msipite njia ya uani, piteni sokoni mchana.

Inameni niwawekee mkono... Mzeeke... mle wali wenu wenyewe, na kichwa hiki msimwinamishie mtu kwa hofu...

Tirtha, mbona umesimama tu? Koleo liko chini ya ngazi. Ung'oe huo msumari... niusikie ukitoka... Tirtha?