Komeo, Beki Aliyelala Mlangoni

Ndugu, jamaa na marafiki, karatasi mliyoshika imechapwa mara mbili. Ya kwanza aliiandika mjomba, kwa lugha nzuri ya heshima, na ilisema marehemu "aliugua kwa muda mfupi." Nikairudisha kwa mchapaji. Mimi ni dada yake, nimemtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, kazi yangu ni cherehani, na kupamba maneno sijui. Mama amesomewa hii ya pili tangu juu hadi chini, akasema isomwe. Kwa hiyo naisoma.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Komeo, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1979 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi bomba na mkewe, muuza nguo za mitumba. Baba alifariki Komeo akiwa na miaka saba. Tulikuwa tukiishi vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao, na mlango wa mbele ulikuwa hauna komeo. Mwenye nyumba alikuwa akiahidi kulileta kila mwisho wa mwezi. Wiki ileile tuliyomzika baba, mtoto yule aliburuta godoro lake hadi mlangoni akajilaza pale, mgongo kwenye ubao. Mama alipomuuliza, alijibu kwamba mtu yeyote akitaka kuingia itabidi amkanyage yeye kwanza. Komeo lililetwa miaka miwili baadaye, la chuma, zuri tu, lakini yeye hakuhama. Mama akamtania kwamba nyumba sasa ina makomeo mawili, na jina likamganda mpaka leo.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1996. Msinitake niseme alikuwa wa kwanza darasani. Hesabu zilimpiga chenga, jiografia aliipenda, na mwalimu wa jiografia ndiye aliyekuwa kocha. Huyo mwalimu alimpanga beki wa kati kwa sababu, alisema, kijana huyu hapendi mtu apite. Kimo alikuwa nacho, mbio hakuwa nazo. Alichokuwa nacho zaidi ya wenzake ni kichwa. Mpira wa juu ukija, wenzake walifumba macho, yeye aliyafumbua.

Baada ya shule alichezea timu ya kiwanda cha mabati kwa miaka mitatu, asubuhi akipakia mizigo, jioni mazoezini. Mwishoni mwa mwaka 1999 alikuja wakala mmoja mwenye koti la ngozi kumwangalia mshambuliaji wa timu nyingine. Siku hiyo mshambuliaji huyo hakugusa mpira wa maana hata mmoja. Wakala akaondoka na jina la beki. Tarehe 8 Januari 2000 Komeo alipanda ndege akiwa na koti nililomshonea mwenyewe, ambalo huko alikokwenda lilikuwa jepesi hata la kuvaa ndani ya nyumba. Alinicheka kwa koti hilo miaka ishirini.

Alicheza ng'ambo miaka kumi na tatu, katika klabu tatu, mechi mia tatu na kumi na mbili, na alifunga mabao tisa, yote kwa kichwa. Maneno yake ya kwanza ya lugha ya kule yalikuwa yale ya beki: nyuma, kushoto, wangu, mwache. Alituambia kwamba wiki ya pili aliingia dukani kununua mkate, muuzaji akamsogezea mteja mwingine mkate huo, naye Komeo akapiga kelele "Wangu!" duka zima likageuka. Aliishi chumba cha juu ya duka la vioo, ngazi za chuma, dirisha linaloangalia maegesho ya mabasi. Kila Jumapili alimpigia mama simu. Baridi hakuilalamikia, wala benchi, wala kelele za majukwaani ambazo sitazirudia mbele ya mama.

Alhamisi ilikuwa siku ya vichwa. Kocha msaidizi alisimama katikati ya uwanja akawapigia mabeki mipira mirefu, na kila mmoja alipaswa kurudisha sitini kwa kichwa ndipo aende kuoga. Kila Alhamisi, miaka kumi na tatu. Nimezoea kupima na kuhesabu, lakini hesabu hiyo nilianza kuipiga wiki hii nikaiacha njiani.

Na palikuwa na utaratibu wa mabeki wenyewe. Mchezaji akigongwa kichwa, daktari wa timu anaingia kumuuliza maswali matatu: leo siku gani, matokeo ni ngapi, tuko kipindi gani. Akikosea anatolewa, na nafasi yake inaweza isirudi msimu mzima. Basi beki mwenzake alikuwa akiwahi kufika kabla ya daktari, anapiga goti kama anafunga kamba za kiatu, anamnong'oneza: Jumamosi, moja bila, kipindi cha pili. Daktari akifika anakuta majibu yote yako tayari. Komeo alinong'onezewa, naye akawanong'oneza wenzake. Likizo alitusimulia hayo sebuleni huku akiigiza, anajishika kichwa, anarembua macho, na sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilimwomba arudie.

Jumamosi tarehe 25 Juni 2005 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu wa sekondari, na watu wakasema hatimaye hesabu zimemkubali. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 2007 na mvulana mwaka 2011. Wifi yangu alikaa naye kule miaka sita, na yeye ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba mume wake akirudi kutoka baadhi ya mechi hakumbuki alirudije. Nilimwambia amwache apumzike, mtu amechoka. Yeye ni mtu wa kuuliza mara mbili, mimi ni mtu wa kujibu haraka. Tumeishi hivyo.

Mwaka 2013 magoti yaligoma, akarudi nyumbani. Alifundisha vijana katika uwanja wa manispaa, wavulana na wasichana, na hakuwa kocha wa kukaa kwenye kiti na filimbi. Alionyesha kwa mwili wake. Kona zote za mazoezi aliruka nao.

Sasa nafika pale ambapo mjomba aliandika "muda mfupi." Marehemu aliugua miaka saba.

Ilianza mwaka 2017. Alifika kwenye kibanda changu cha ushonaji kuchukua suruali, nikampa. Akarudi baada ya chakula cha mchana kuichukua. Akarudi tena jioni, akakasirika kwamba namzungusha. Nilimtania mbele ya wateja, nikamwambia kichwa chako kimejaa mipira. Baadaye ikawa anasahau njia ya uwanjani, anagombana na watu wapole, anamwita mwanawe kwa jina langu. Mtaani wakaanza kusema amekuwa mlevi, mtu ambaye pombe aliionja siku ya harusi akaitema. Maneno hayo yalinichoma. Na wakati huohuo klabu kubwa ya mjini ilikuwa inataka kumwajiri awe kocha msaidizi, ila alete cheti cha daktari.

Jumanne tarehe 6 Februari 2018 nilimpeleka mimi, wifi alikuwa na mitihani ya kusimamia. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mbele yetu mlango wa kijani, na ndani tulisikia daktari akimuuliza mgonjwa mwingine tarehe ya leo na siku ya leo. Nikaelewa kinachokuja. Nikainama kwenye sikio la ndugu yangu nikamwambia: Jumanne, tarehe sita, mwezi wa pili, ghorofa ya kwanza. Akatabasamu. Lile tabasamu la sebuleni. Alijua ninachofanya, na alifurahi kwamba mwenzake amewahi kufika.

Tuliingia pamoja, akajibu vizuri. Kisha daktari akampa maneno matatu ayakumbuke, na lililomshinda nililidokeza kwa midomo nyuma ya bega la daktari. Cheti kikaandikwa, kazi ikapatikana, nikatoka hospitali kifua mbele. Cheti kilikuwa cha mwaka mmoja, kwa hiyo nilifanya hivyo tena mwaka 2019, na tena mwaka 2020. Maneno ya kukumbuka yalikuwa yaleyale kila mwaka, kiti, ufunguo na chungwa, nikamkaririsha jikoni kwangu wiki nzima. Wifi alitukuta. Alisimama mlangoni na madaftari ya wanafunzi kifuani, akasikiliza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Wifi, utamjibia mpaka lini?"

Nilimwambia anataka kumnyima mumewe kazi. Nilimwambia na mengine ambayo ninamwomba msamaha leo, hapa, nyote mkiwa mashahidi.

Mwaka 2021 wifi alimpeleka mwenyewe bila kuniaga, hospitali nyingine, akakaa nje akamwacha aingie peke yake. Komeo hakujua mwaka. Hakujua mwezi. Walimpiga picha za kichwa, na daktari bingwa, mama mmoja mpole, akatueleza kwamba ubongo uliogongwa miaka mingi huchakaa, na hauponi. Akauliza kwa nini hatukuja mapema. Mimi nikauliza kama mapema ingesaidia. Alisema ugonjwa ungekuwepo tu, lakini angekatazwa siku ya kwanza kupiga mpira kwa kichwa. Miaka mitatu ile aliyokuwa na cheti changu, ndugu yangu aliruka kila kona ya mazoezi. Nilimbana daktari aniambie miaka hiyo mitatu ilimpunguzia kiasi gani. Alisema hakuna anayeweza kupima. Nimebaki na jibu hilo.

Mwaka wa mwisho alikuwa hatujui, isipokuwa mama, na mama naye si kila siku. Alikataa kitanda. Tulimtandikia godoro chumbani, na kila asubuhi wifi alimkuta amelihamisha mpaka mlangoni, mgongo kwenye ubao, hata kumfungulia muuguzi ikawa kazi. Tulimwacha alale palepale. Mwezi Mei alishikwa na nimonia, na Jumapili tarehe 2 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, muda ambao zamani alikuwa akimpigia mama simu, aliaga dunia mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, dada mmoja, mtoto wa kiume aliye darasa la saba, na binti.

Kwa binti nasimama kidogo. Mnamjua. Ana miaka kumi na saba, ni beki wa kati, na anaruka kama baba yake, macho wazi. Jumamosi tarehe 11 Mei alicheza mbele ya wakala aliyetoka ng'ambo na barua ya majaribio mfukoni. Mimi nilikuwa pembeni ya uwanja, karibu na benchi. Tulikuwa tunaongoza moja bila, kipindi cha pili. Kona ikapigwa, akagongana na kipa wake kichwa kwa kichwa, akaanguka, akaketi. Muuguzi wa timu akakimbia kumchunguza. Mtoto akageuza shingo akanitafuta mimi, shangazi yake, kwa macho, na mimi mdomo wangu ulikuwa tayari wazi. Majibu yalikuwa yaleyale ya sebuleni, hata hayakubadilika: Jumamosi, moja bila, kipindi cha pili. Nilikuwa nayo ulimini.

Niliufunga mdomo. Nikaweka na kiganja juu yake.

Muuguzi akamuuliza leo siku gani. Mtoto aliniangalia muda mrefu, jinsi mtu anavyomwangalia aliyemsaliti, kisha akasema, "Sijui."

Akatolewa. Hospitali wakampa wiki sita bila mpira, wakala akarudi kwao na barua yake, na wapo ndani ya ukoo huu waliosema shangazi mtu kaikata njia ya mtoto. Ni kweli alinikasirikia. Siku tatu hakunisalimia. Jioni ya siku ile ya mechi alikaa chini mlangoni kando ya godoro la baba yake, na baba yake akanyoosha mkono akaupapasa ule uvimbe wa kwenye paji la uso, akauwekea kiganja, akaacha hapo mpaka usingizi ukamchukua. Alikuwa anajua nini, sijui. Sitamwekea maneno mdomoni. Nimeshamwekea ya kutosha.

Mwanangu, wiki zako sita zinaisha Jumamosi ya tarehe 22. Utarudi uwanjani ukitaka, na wakala mwingine atakuja, au hatakuja. Nawaomba nyote mlio hapa, kocha wake, wenzake, na sisi wa nyumbani kwanza: siku akianguka, msimkimbilie na majibu. Mwacheni aulizwe, na ajibu mwenyewe.

Na wewe Komeo, umelinda mlango tangu ukiwa na miaka saba. Toka sasa, ndugu yangu, ukalale kitandani kama watu wengine. Mlango nimeushika mimi. Pumzika kwa amani.